Mchezo wa Mnyama na Mwanga wa Jua

Mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hapana picha zipitazo mikononi mwa watu wengi kuliko zile za noti. Simba yumo katika noti ya shilingi 2,000, kifaru katika ya 5,000, tembo katika ya 10,000. Wote wamekaa kama nembo, hapana achezaye. Hivyo ndivyo tulivyozoea kumtazama mnyama wa porini: ni mali ya taifa, au ni tishio. Kwa mkulima wa mahindi wa Mbozi, nyani ni mwizi tu. Hoja yetu ni kwamba picha ya mnyama achezaye, iliyopigwa nje kwa mwanga wa jua, ina ukweli ambao picha hizo nyingine hazina.

Tulinganishe wageni wawili waliopiga picha katika nchi yetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa mwaka 1905 kitabu ambacho jina lake lenyewe laoanisha mwako wa kamera na bunduki. Usiku alifunga punda na ng'ombe wawe chambo, kisha unga wa mwako ukalipuka gizani. Kwa wakati wake kazi hiyo ilikuwa ya ajabu. Lakini twaona nukta moja tu ya kunyemelea au kushtuka. Yaliyotangulia na yaliyofuata yamemezwa na giza.

Mholanzi Hugo van Lawick alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1962, kuwapiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Kazi hiyo ni ngumu: msitu una kivuli, manyoya ya sokwe ni meusi, na jua la utosi hufukia nyuso. Mpiga picha hana budi kungoja. Ndipo aonapo watoto wa sokwe wakipigana mieleka na kutekenyana, mdomo wazi, meno ya juu yamefunikwa. Hicho ndicho kicheko chao. Mnyama mwenye hofu hachezi. Kwa hiyo picha ya mchezo yamshuhudia pia aliyeipiga.

Hata hivyo, sifa zisituzibe macho. Sokwe wa Gombe walivutwa kambini kwa ndizi, na ndizi hizo zikazidisha ugomvi wao. Picha mashuhuri ya mtoto Flint akimnyoshea Goodall mkono yagusa moyo. Lakini kugusana huko kuliachwa baadaye, kwani maradhi ya binadamu huwadhuru sokwe. Picha bora ni ile ambayo mchezo wake ungekuwa vilevile hata kama kamera isingekuwapo.

Mwalimu na awaulize wanafunzi mbele ya kila picha: Mwanga umetoka wapi? Mnyama ameitwa, au amejiendea mwenyewe? Kijana wa Songwe mwenye kamera aweza kuanza na tumbili wa mabonde yake, kwa mbali, bila chambo. Subira huvuta heri. Nyani ataendelea kuiba mahindi. Lakini tutakuwa tumemwona pia akiwa mtoto, akicheza mbele ya mamaye.