Mshono wa Vitenzi Vikaidi

Vitabu vya shule hugawa vitenzi vya Kifaransa katika makundi matatu, na kundi la tatu ndilo jalala: kisichotii hutupwa humo. Vouloir (kutaka), boire (kunywa), venir (kuja) na mourir (kufa) kila kimoja kina jedwali lake, na mwanafunzi huyakariri kana kwamba hayana undugu.

Yasome kwa pamoja. Je veux, tu veux, il veut, ils veulent. Lakini nous voulons, vous voulez. Je bois, ils boivent, nous buvons. Je viens, ils viennent, nous venons. Je meurs, ils meurent; nous mourons. Irabu zinatofautiana, ila mahali zinapogeukia ni palepale: nafsi za umoja na ya tatu ya wingi upande mmoja, "sisi" na "ninyi" upande wa pili.

Chanzo ni mkazo wa Kilatini. Katika nafsi nne uliangukia mzizi, na irabu yake ikageuka. Kwa "sisi" na "ninyi" ulihamia mwishoni, mzizi ukafuata njia nyingine. Msemaji wa Kiswahili asishangae: "anakula" ina ku- na "hali" haina, kwa kuwa -na- haibebi mkazo. Tofauti ni kwamba mkazo wetu bado unasikika. Wa Kilatini umekwisha kufa, zimebaki alama zake.

Hata aimer (kupenda), kielelezo cha utiifu, zamani ilikuwa j'aim, nous amons. Wasemaji wakaisawazisha, ai ikashinda. Kwa trouver (kupata) ilishinda ou, ingawa je treuve iliendelea kuandikwa hadi karne ya 17. Kwa hiyo kinachoitwa kanuni hapa ni kiraka kipya, na kinachoitwa ukaidi ndio ukale.

Ukaidi wa aina nyingine upo: vous êtes, vous faites, vous dites, zisizo na -ez. Redire humfuata mzazi wake, vous redites, lakini contredire husema vous contredisez; jedwali linaloandika tu "kama dire" linapotosha.

Kisha aller (kwenda), iliyoungwa kwa vitenzi tofauti: vais kutoka vadere, irai kutoka ire, na all- ambayo wanaisimu bado wanabishania asili yake. Ukiitazama katika wakati uliopo, vais, vas, va, vont ziko upande mmoja, allons na allez upande wa pili. Vitambaa ni vigeni kabisa, lakini mshono umepita palepale penye veux na voulons.