Joto la Plagi katika Injini za Ndege Zinazozunguka

Katika injini ya Gnome, iliyobuniwa Ufaransa na ndugu Louis na Laurent Seguin na kurushwa ndegeni mwaka 1909, krenkishafti, yaani mhimili uliopinda unaopokea msukumo wa pistoni, ilikazwa kwenye fremu ya ndege, na silinda zote zikazunguka pamoja na propela. Kwa kuwa silinda zilijipoza zenyewe hata ndege ikiwa imesimama, ni rahisi kudhani kwamba joto la plagi, yaani kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, halikuwasumbua mafundi. Liliwasumbua sana, ila mara nyingi kwa kupungua kuliko kuzidi.

Ncha ya plagi hufanya kazi vyema ikiwa na joto la nyuzi 450 hadi 850 hivi za Selsiasi: chini ya hapo masizi hayaungui, na juu ya hapo ncha huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla cheche haijaruka. Injini hizo zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, yaliyopendelewa kwa sababu hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, nayo hayakurudi tangini bali yalipita na kutupwa nje. Injini ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, kitu kilicho sentimita 40 kutoka katikati husukumwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 600, hivyo mafuta yalikimbilia kichwa cha silinda, karibu kabisa na plagi.

Dawa ya kwanza ilikuwa urefu wa pua ya kihami, yaani sehemu isiyopitisha umeme inayozunguka ncha: pua ndefu huchelewesha joto kutoroka, ncha ikabaki na moto wa kuunguza mafuta, ilhali pua fupi huliondoa haraka. Kihami cha kauri kilipasuka kwa urahisi, ndiyo maana plagi za K.L.G. za Uingereza zilitumia ulanga, madini yanayobanduka kwa tabaka nyembamba.

Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi ulimwangukia rubani. Gnome Monosoupape ya mwaka 1913 haikuwa na kabureta ya kawaida ya kupunguzia mwendo, hivyo wakati wa kutua alikata umeme wa plagi kwa kitufe kilichokuwa kwenye usukani. Petroli na mafuta vikaendelea kuingia, na plagi iliyoachwa bila moto kwa muda mrefu ikapoa, ikalowa na kukataa kuwaka pale alipoihitaji kupaa tena. Ilimpasa akate kwa vipindi vifupi, akiurudisha umeme kabla ncha haijapoa. Injini nyingine zinazozunguka, Clerget 9B na Bentley BR.1, zilipewa plagi mbili kwa kila silinda, zikilishwa na magneto mbili tofauti, yaani vifaa vya kuzalisha umeme wa cheche, ili plagi moja ikizibwa na masizi nyingine iendelee kutoa cheche.