Mjane wa Senti Mbili Tunavyomsoma Misiera

Kila inapotangazwa sadaka maalum, kanisani kwetu Misiera husomwa habari ya yule mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12, aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Mahubiri huwa yale yale: matajiri walitoa ziada, mjane akatoa vyote, basi nasi tusijifiche nyuma ya umaskini wetu. Mimi nilikuwa kwenye kwaya kikapu kikipita, kwa hiyo sijitoi katika lawama ninazoandika hapa.

Nataka kuihakiki habari hiyo kama tunavyohakiki hadithi yoyote darasani, kwa kuangalia kilichotangulia na kinachofuata. Kilichotangulia, aya ya 38 hadi ya 40, ni onyo juu ya waandishi wanaopenda mavazi marefu, kusalimiwa sokoni na kuketi mbele, huku wakila nyumba za wajane. Mara tu baada ya onyo hilo anaingia mjane. Sidhani kama msimulizi aliwaweka pamoja kwa bahati. Na kinachofuata, mwanzo wa sura ya 13, ni mwanafunzi anayeshangaa mawe makubwa ya hekalu, naye anajibiwa kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Senti zile mbili, kumbe, zimeingia katika nyumba itakayobomolewa.

Kuna jambo jingine ambalo mhubiri huliruka. Katika Luka 10, baada ya kisa cha Msamaria, Yesu anamwambia msikilizaji wake aende akafanye vivyo hivyo. Hapa hasemi hivyo. Anawaita wanafunzi, anawaonyesha mwanamke, na kusema kwamba ametoa riziki yake yote. Ni sifa, ndiyo, lakini sauti yake naisikia pia kama ya mtu anayeumia. Mjane mwenyewe hasemi neno.

Kwa hiyo naona hadithi hii inawatazama wapokeaji wa sadaka zaidi kuliko watoaji. Neno letu la Kiswahili lingetusaidia kuona hivyo. Siku hizi tukisikia wakili tunamfikiria mwanasheria wa mahakamani, kule Mbarara. Lakini katika Luka 16 wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine, na siku aliposhtakiwa kwamba anaitapanya, kitu cha kwanza alichodaiwa ni hesabu. Tukisema uwakili wa Kikristo, basi, hesabu imo ndani ya neno lenyewe. Ajabu ni kwamba katika mahubiri yetu wakili ni yule aliyekaa kwenye benchi tu. Anayebeba kikapu hatumwiti wakili.

Hili si jambo la darasani tu. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda, na leo sisi Wakongo tu wengi humu pamoja na Warundi, Wasomali na wengine. Mei 2025 WFP ilitangaza kwamba imesitisha msaada wa chakula kwa watu milioni moja hapa Uganda kwa kukosa fedha. Nyumba yetu ilikuwa kati ya zilizoondolewa. Jumapili iliyofuata mama alitoa sadaka ileile aliyokuwa akitoa siku zote. Nilikuwa nimerudi kutoka Mbarara kwa likizo, nikakasirika. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapo juu, waandishi, hekalu, mawe.

Mama alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Kisha akasema: "Mwanangu, miaka yote hii mimi ni mtu wa kupanga mstari. Kila mtu ananipa. Siku ninapotoa, angalau najua bado niko mtu mwenye mkono."

Sikuwa na jibu, na uhakiki wangu haukuwa na nafasi ya jibu lake. Nilikuwa nimemfanya mjane kuwa mtu anayeonewa tu, kama vile mhubiri alivyomfanya mfano tu. Wote wawili hatukumuuliza kwa nini alitoa.

Nilirudi kwenye maandiko, nikaona 2 Wakorintho 8 inayabeba yote mawili. Paulo anawasifu watu wa Makedonia waliotoa wakiwa maskini sana, tena wakaomba wenyewe wapewe nafasi ya kutoa. Hapo nilimwona mama. Lakini katika sura hiyohiyo anasema hataki wengine wapate raha na watoaji wabaki na dhiki, anataka usawa. Tena anawatuma watu wengine wasafiri na fedha hizo, ili asilaumiwe na mtu. Sura hii sijawahi kuisikia ikihubiriwa siku ya sadaka maalum.

Mama ana kikundi cha kina mama wanaokutana Alhamisi. Kila mmoja huleta kopo la mahindi, kwa ajili ya aliyejifungua au aliyefiwa. Mmoja wao aliyesoma kidogo huandika katika daftari, na kabla ya kuagana husoma kwa sauti: makopo mangapi yameingia, yamekwenda nyumba ya nani, yamebaki mangapi. Nilipokwenda kumchukua mama juma lile, yalikuwa yamebaki manne. Walibishana karibu nusu saa kwa sababu mmoja alihesabu matano.