Laini ya Universal Credit ilistahili 0800 tangu mwanzo

Wizara ya Kazi na Pensheni ya Uingereza ilikosea vibaya ilipoipa laini ya Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, namba ya 0345. Kwa mwenye kifurushi cha mwezi, namba hiyo ni sawa na simu ya mezani ya 01 au 02: inakula dakika alizokwisha kulipia. Asiye na kifurushi, anayeishi kwa vocha, alitozwa hadi peni 55 kwa dakika. Mtazame mpigaji wa wakati huo: ameomba msaada, malipo ya kwanza yanamsubirisha wiki 6, na akaunti yake ya mtandaoni imekwama. Anabonyeza moja, anabonyeza mbili, muziki unaanza, salio linaliwa kabla hajasikia sauti ya mtu. Dakika 40 za namna hiyo ni pauni 22. Salio likikatika, akipiga tena anaanzia mwisho wa foleni.

Wizara ilijitetea kwamba haipati hata senti kwenye simu hizo. Ni kweli, namba za 03 hazigawani mapato na anayepigiwa, lakini mpigaji alikuwa akilalamikia pesa zilikotoka. Ikasema mtu angeweza kuomba apigiwe. Ili aombe, ilibidi kwanza simu yake ipokelewe. Hoja pekee yenye uzito, kwamba hata 0800, namba ya bure kwa simu za mezani, ilitozwa kwenye simu za mkononi, ilikufa tarehe 1 Julai 2015 Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ilipoifanya bure kwa wote.

Safu hii haijawahi kuipinga namba ya mtaa. Fundi bomba wa Leeds mwenye 0113 anamjulisha mteja kwamba yuko jirani, na mteja akiona gharama inazidi atampigia fundi mwingine. Mwombaji wa Universal Credit hana wizara nyingine ya kupigia, kwa hiyo gharama ni ya mwenye dawati. Wakongwe walilijua hilo: ChildLine ya Esther Rantzen ilianza Oktoba 1986 na 0800 1111, bure, nyepesi hata kwa mtoto kuikariri. Wanaohofia kwamba laini ya bure itavuta simu za utani waitazame laini ya 116 ya watoto, Kenya na Tanzania: utani upo, na laini bado ni ya bure. Oktoba 2017, kiongozi wa upinzani Jeremy Corbyn alipoibana serikali bungeni, waziri wa Kazi na Pensheni David Gauke alitangaza laini ya Universal Credit kuwa ya bure, akaahidi laini zote za wizara zifuate kabla ya mwaka kuisha. Zote zingeweza kufuata Julai 2015.