Maziwa Yaliyokatika kwa Makusudi

Mpishi wa pwani tui likimkatikia chunguni huona haya. Moto umezidi au mwiko umechelewa, na mchuzi uliokuwa kitu kimoja umegawanyika, maji huku na mabonge kule. Taiwan kuna bakuli la asubuhi ambalo sifa yake yote ni kukatika. Linaitwa xian doujiang, yaani maziwa ya soya ya chumvi, na linaandaliwa kwenye vijimgahawa vya meza za chuma na stuli za plastiki ambavyo taa zake huwaka kabla ya alfajiri. Ndani ya bakuli tupu mhudumu hutia siki kidogo, mchuzi wa soya, uduvi mkavu, achari ya haradali iliyokatwakatwa na majani ya kitunguu. Juu yake anamimina upawa wa maziwa ya soya yanayofuka mvuke. Hakorogi. Anadondoshea mafuta ya pilipili, anatupia vipande vya mkate wa kukaangwa, anasukuma bakuli mbele ya mlaji. Maziwa yameshaanza kuganda lakini hayajamaliza, na kinacholiwa hapo kimeacha kuwa kinywaji na hakijafika kuwa tofu. Bakuli hili la bei ya chini limebeba ufundi ambao tumezoea kuutafuta kwenye vyakula vya gharama, nao umekaa mahali pamoja, kwenye kujua pa kusimama. Karibu kila kitu katika mgahawa wa namna hii kiko mbioni kugeuka kitu kingine, na kazi ya mpishi ni kukikamata njiani.

Tuanze na punje yenyewe. Soya hulowekwa kwa saa nyingi, na saa hizo hazifanani mwaka mzima, kwa kuwa maji ya kiangazi cha Taipei huchachusha haraka na maji ya kipupwe huchelewa kulainisha. Punje ikisagwa na kukutana na maji na hewa, vimeng'enya vyake huanza mara moja kuzalisha ile harufu ya ukunde mbichi inayowakimbiza wengi. Afrika Mashariki soya imezoeleka zaidi ndani ya unga wa lishe na chakula cha kuku, kwa hiyo aliyewahi kunywa uji wa soya iliyokaangwa nusunusu anaijua harufu hiyo, na pengine ndiyo iliyomfanya aamini kwamba soya ni dawa, hainywewi kwa hamu. Rojo likishachujwa makapi, maziwa huinjikwa motoni, na hapo kuna mtego. Kabla hayajachemka kweli, povu hufurika na kupanda kana kwamba yameiva. Ni ulaghai. Povu hilo linatokana na saponini zilizomo ndani ya soya, na anayeepua hapo anawapa watu maziwa mabichi bado, yenye viini vinavyozuia usagaji wa protini tumboni na kuleta kichefuchefu. Lazima atulize povu na kuendelea kuchemsha, huku akikwangua chini ya sufuria asije akapata ukoko. Hata ukoko una mjadala wake, maana wapo walaji wanaopenda maziwa yaliyoshika harufu ndogo ya kuungua, na wapishi wanaojua kuiachia ipite kidogo tu. Ikizidi kidogo, sufuria nzima ni ya kumwaga.

Baada ya hapo ndipo siki inapoeleweka. Moto umeshazifumua protini za soya, nazo zinaelea zikisukumana kwa sababu zote zina chaji ya aina moja. Asidi ya siki huipunguza chaji hiyo, msukumano unakwisha, protini zinaanza kushikana. Siki ikizidi, bakuli linakuwa mabonge magumu kwenye maji machachu. Ikipungua, hakuna kinachotokea. Maziwa yakiwa mepesi hayana cha kushikana, na yakiwa yamepoa hukatika kwa uvivu. Namna ya kumimina nayo ina maana yake, kwa sababu mmiminiko wa nguvu huchanganya siki na maziwa kwa mkupuo mmoja, na kijiko kikiingia baada ya hapo kinavunja utando ambao ndio kwanza unajisuka. Mhudumu hafanyi hesabu ya haya yote. Anatia siki kwa mkono uliotia siki asubuhi elfu kadhaa, na ukimtazama utadhani hafikirii kitu.

Mkate wa kukaangwa unaoitwa youtiao unafuata kanuni hiyohiyo kwa njia nyingine. Donge la unga, likiwa na chumvi na kiumushi (zamani magadi na shabu, siku hizi wengi wameiacha shabu kwa hofu ya aluminiamu), hupumzishwa kwa muda mrefu mpaka livutike bila kukatika. Hukatwa vipande vyembamba, kisha viwili hupandanishwa na kukandamizwa katikati kwa kijiti kimoja. Kwa nini viwili? Kwa sababu kipande kimoja kikitumbukia kwenye mafuta ya moto hujifunga ganda pande zote kabla hewa ya ndani haijatanuka. Vikiwa viwili, pale vinapogusana mafuta hayafiki, unga unabaki laini kwa sekunde za ziada, na mvuke unapata pa kusukumia. Anayekaanga anavivuta kwa urefu, anavilaza kwenye mafuta, na haachi kuvigeuza. Kinachotoka ni ganda jembamba lenye upepo ndani, na uhai wake ni mfupi, kwani baada ya nusu saa limesinyaa na kuwa kama ngozi. Ndiyo maana mgahawa mzuri hukaanga kidogokidogo mfululizo, na mgahawa mvivu hukaanga rundo la asubuhi nzima. Huhitaji kuonja ili kuitofautisha. Tazama tu rundo.

Shaobing, mkate wa ufuta unaookwa ndani ya tanuri refu la duara, naupitia haraka ingawa ndio unaovutia macho zaidi. Mwokaji hulowesha kidogo mgongo wa mkate, huingiza mkono tanurini na kuubandika ukutani. Maji yakizidi mkate unateleza na kuangukia motoni, yakipungua haushiki. Kwenye mgahawa wa Fuhang, ghorofa ya pili ya soko la Huashan mjini Taipei, jiko limewekwa nyuma ya kioo, na walioko kwenye foleni, inayoshuka ngazi na kutokea barabarani, hupata muda wa kutosha wa kuiangalia mikono hiyo. Michelin ya Ufaransa ilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa migahawa ya Taipei mwaka 2018 iliuingiza mgahawa huo kwenye orodha ya walaji wa bei nafuu. Foleni ilikuwepo kabla ya hapo, na sidhani kama waokaji walibadilisha chochote kwa ajili ya Wafaransa.

Atakayepinga kwanza atasema kwamba tunasifia maharage, unga na maji, na kwamba ufundi wa kweli unahitaji vitu adimu au hatua nyingi. Mimi naona kinyume chake. Nyama ya bei ghali humfichia mpishi makosa mengi, na viungo ishirini hufunikana. Maziwa ya soya matamu, yale yanayonywewa kwa sukari tu, hayana pa kujificha. Maharage yaliyokaa ghalani mno, maji yaliyozidi, chujio lililopitisha makapi, vyote hukutana na ulimi moja kwa moja. Isitoshe, mlaji wa mgahawa huu si mgeni wa mara moja kwa mwaka. Ni dereva wa teksi, mwanafunzi, bibi anayetoka kufanya mazoezi bustanini, na wanarudi kesho. Hakimu anayekula chakula kilekile kila siku ni mkali kuliko mwandishi wa mwongozo, kwa sababu anayo jana ya kulinganisha nayo.

Pingamizi la pili ni la wanahistoria, nalo lina uzito zaidi. Watasema chakula hiki si cha jadi ya Taiwan. Kabla ya katikati ya karne ya 20 watu wengi wa kisiwa hicho walianza siku kwa uji wa mchele au viazi vitamu. Ngano ilishika nafasi baada ya mwaka 1949, pale zaidi ya watu milioni moja walipovuka bahari kutoka China bara pamoja na serikali ya chama cha Kuomintang iliyoshindwa vita. Kisha, kati ya 1951 na 1965, msaada wa Marekani ulimwaga unga na soya kisiwani, na serikali ikawahimiza watu wale ngano ili mchele uuzwe nje. Magunia matupu ya unga huo yalishonewa nguo za ndani, huku maandishi ya ushirikiano wa China na Marekani yakiwa bado yanasomeka kitambaani. Basi tunachokiita ufundi ni zao la kushindwa vita na shehena ya ziada ya wakulima wa Marekani? Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Lakini shehena huleta unga, haileti mkono. Mwaka 1955 lilifunguliwa duka la maziwa ya soya karibu na daraja la mto Xindian, upande wa Yonghe, ambalo leo linaitwa Shijie Doujiang Dawang, na kutoka mtaa huo jina la Yonghe likaenea mpaka likawa kama jina la chakula chenyewe. Kwenye kaunta za namna hiyo walikutana watu ambao huko bara walikuwa mbali. Mikate ya ngano ilikuwa desturi ya kaskazini, kwa watu wa Shandong na jirani zao. Bakuli la chumvi na tonge la wali wa kunata lililofungiwa youtiao ndani vilikuwa vya Shanghai na viunga vyake. Uhamisho uliwaweka meza moja. Na shaobing nayo ilikuwa ngeni zamani, kwani wanahistoria wa chakula huihusisha na mikate iliyoingia China kwa njia za misafara ya Asia ya Kati enzi za Han. Tukidai kila ufundi uonyeshe hati ya kuzaliwa, hatutabakiwa na jiko.

Taiwan yenyewe iliongeza kitu chake, na kitu hicho ni saa. Miaka ya 1970 timu za watoto za kisiwa hicho zilitwaa mara kwa mara ubingwa wa dunia wa besiboli uliochezwa Williamsport, Pennsylvania. Kwa tofauti ya saa, mechi zilionekana kwenye televisheni usiku wa manane. Mtaa mzima ulikesha, na mechi ikiisha watu walikuwa na njaa na furaha, wakaenda kutafuta maziwa ya soya. Maduka ya Yonghe yakajifunza kutofunga, na chakula cha asubuhi kikawa pia chakula cha mwisho wa usiku.

Kuna wanaosema mashine imeshammaliza fundi. Mwaka 1995 wafanyabiashara wa Kitaiwan walianzisha Shanghai mgahawa wa Yonghe King, ukakua na kuwa mnyororo wa matawi, na mwaka 2004 Jollibee ya Ufilipino ikaununua kwa sehemu kubwa. Youtiao iliyogandishwa huuzwa kwa katoni, na maziwa ya soya hujazwa kwenye maboksi. Siabudu mkono kwa ajili ya mkono. Kinu cha umeme kinasaga vizuri, na hakuna utukufu wowote katika kusukuma jiwe usiku kucha. Lakini tutazame mashine inaishia wapi. Inafanya vyema kila kinachoweza kufanywa mapema, na chakula hiki kinaamuliwa mwishoni, siki inapokutana na maziwa na unga unapogeuzwa kwenye mafuta. Maziwa ya boksi hutengenezwa yasikatike, kwa sababu boksi lililokatika dukani ni hasara. Yamefundishwa kukataa jambo ambalo bakuli linalihitaji. Hata mlaji ana wajibu wake hapa, maana anayefungiwa bakuli la chumvi aende nalo ofisini, litaendelea kuganda njiani, na akifungua atakuta tofu mbovu ambayo mpishi hakuipika.

Lililobaki ni pingamizi ambalo siwezi kulijibu kikamilifu. Fuhang hufungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa hiyo kuna mtu aliyeamka usiku mkubwa. Mikono ya mwokaji ina makovu ya tanuri, na mkaangaji anavuta moshi wa mafuta miaka nenda miaka rudi. Watoto wa wenye migahawa wanasoma, wanapata kazi za kiyoyozi, na hawarudi jikoni, na nani awalaumu? Anayesifia ufundi huu bila kutaja usingizi wa watu hao anasifia punguzo la bei ambalo wengine wamelilipia. Nakubali, na ndiyo maana sioni unafuu wa bakuli hili kuwa sehemu ya ubora wake. Kila unga au soya vinapopanda na mgahawa ukaongeza bei kidogo, hunung'unika watu walewale ambao mtaa wa pili wananunua kahawa kwa bei ya mabakuli kadhaa bila kuguna. Bakuli la chumvi lingeweza kuuzwa mara mbili ya bei yake na bado likawa rahisi kwa kazi iliyomo. Fuhang hufunga Jumatatu. Kama bei ya haki ingewawezesha wapishi wake kufunga na Jumanne, na foleni ya siku zilizobaki ikafika kona ya pili ya barabara, basi na ifike.