Fundi Anapoaga Kiwanda: Barua, Siku 28 na Kufuli la Paneli

Namna mafundi wengi wanavyoacha kazi inajulikana. Mshahara ukiingia Ijumaa, Jumatatu simu haipatikani. Msimamizi anauliza, wenzake wanatazamana, na baada ya wiki mbili inasikika kwamba jamaa yuko kiwanda cha jirani. Hapa nataka kuichambua njia nyingine, ile ya kuaga kwa utaratibu, kwa kuifuata hatua kwa hatua pamoja na hesabu zake. Kwa maoni yangu barua ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ya ufundi huachwa mbele ya mashine, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, hata wale walioandika barua nzuri.

Tumchukue fundi umeme wa matengenezo katika kiwanda cha maji ya chupa, Dar es Salaam. Ana cheti cha VETA, ana miaka minne kazini, mshahara wake ni shilingi 650,000 kwa mwezi, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Amepata pengine penye maslahi zaidi na anataka kuondoka.

Kabla ya kushika kalamu anausoma mkataba. Kama ni mkataba usio na ukomo na analipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inamtaka atoe taarifa ya siku zisizopungua 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki hutoa siku 4, na aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira hutoa siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ilimradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kukudai miezi mitatu huku yeye akijiwekea mmoja. Kenya nako anayelipwa kwa mwezi hutoa siku 28, kwa maandishi.

Mkataba wa muda maalumu ni habari nyingine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema aliyekubali mkataba wa namna hiyo anaweza kujiuzulu kabla ya muda ikiwa tu mwajiri amekiuka mkataba kwa kiwango kikubwa. Nje ya hapo, njia halali ni kukaa mezani na kukubaliana kuuvunja mapema. Mafundi wa miradi ya ujenzi wanaojiona huru kwa sababu mkataba ni "wa mwaka mmoja tu" wamebanwa zaidi kuliko mwenzao wa kiwandani.

Kuna ujanja mmoja unaopendwa sana: fundi anachukua likizo yake, anakwenda nyumbani Mwanza, na akiwa huko anatuma barua ya kuacha kazi kwa WhatsApp ili siku 28 za likizo ziwe ndizo siku 28 za taarifa. Sheria imeliona hilo. Taarifa haitolewi wakati wa likizo wala haiendi sambamba na likizo, na katazo hilo linamfunga mwajiri pia.

Barua yenyewe haizidi nusu ukurasa. Hapa ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni, uliokopwa kutoka nchi nyingine, unapotosha: unasema usieleze sababu. Sheria yetu inataka taarifa iwe ya maandishi, itaje sababu, na itaje tarehe iliyotolewa. Sentensi moja inatosha: "Nimepata nafasi nyingine ya kazi." Hakuna haja ya kumtaja mwajiri mpya wala kiwango cha mshahara, na malalamiko kuhusu supavaiza wa zamu ya usiku yabaki nje. Isipokuwa kama malalamiko hayo ndiyo yanayokufukuza. Aliyefanyiwa visa hadi kazi haivumiliki, kisha akaandika kwamba anaacha "kwa hiari yangu na kwa shukrani", amejifungia mlango mwenyewe, maana madai ya kulazimishwa kujiuzulu yakifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua yake ndiyo itakayosomwa kwanza.

Tarehe nayo ihesabiwe kwa vidole. Barua ikipokelewa tarehe 2 Machi na siku zikaanza kuhesabiwa kesho yake, ya 28 inaangukia tarehe 30 Machi. Iandikwe hivyo hivyo: siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 30 Machi. Kisha zitolewe nakala mbili, na moja irudi mkononi mwa fundi ikiwa na muhuri au saini ya aliyepokea pamoja na tarehe.

Ila isifike ofisi ya rasilimali watu kabla ya kumfikia mkuu wa matengenezo. Heshima ya karakana inadai aliyekufundisha mashine asikie kutoka kinywani mwako. "Shikamoo mzee. Naomba dakika tano, nina barua yako." Mazungumzo hayo yafanywe asubuhi kabla ya zamu kuchanganya, na kamwe isiwe mtambo umesimama na chupa zimerundikana kwenye mkanda. Mzee atakasirika kidogo, pengine ataahidi kukuombea nyongeza ya laki moja. Jibu liwe limeshaamuliwa nyumbani. Anayesema "ngoja nifikirie" baada ya kukabidhi barua ameigeuza barua kuwa mnada, na wenye kiwanda hawasahau mnada.

Sasa zinabaki siku 28, na huku ndiko kwenye uzito. Fundi aliyekaa miaka minne anabeba kichwani vitu visivyo kwenye mchoro wowote. Mchoro wa paneli uliokuja na mashine ulikuwa sahihi siku ya kwanza. Tangu hapo kontakta imebadilishwa mara kadhaa, waya umehamishwa, namba zimefutika. Mashine ya kujaza maji ina swichi ya usalama kwenye mlango wake, inayoizima mlango ukifunguliwa. Iliharibika, spea ikachelewa, na usiku mmoja waya ukaunganishwa moja kwa moja kuiruka ili uzalishaji uendelee. Fundi huyu anajua mlango ule haulindi tena mkono wa mtu. Anayekuja hajui.

Au mota ya kompresa. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 hula takriban ampea 15, na ovalodi yake huwekwa hapo hapo. Ilikuwa ikikata mara kwa mara, mtu akaisogeza hadi 18, kelele zikaisha. Chanzo kilikuwa beringi iliyochoka, na beringi ile bado imo ndani. Ikiandikwa mstari mmoja kwenye daftari la makabidhiano, "kompresa, ovalodi imewekwa 18, irudishwe 15, beringi ya mbele ibadilishwe", imeokoa mota. Isipoandikwa, mota itaungua mwezi wa pili na wote watasema fulani aliiharibu kabla ya kuondoka. Ndiyo maana naliona daftari hilo kuwa kinga ya fundi mwenyewe kwanza, halafu hisani kwa kiwanda.

Namna bora ya kuliandika ni kuzunguka. Wiki ya kwanza fundi anapita paneli moja baada ya nyingine, mlango wazi, mchoro mkononi na kalamu nyekundu, anasahihisha kila kisicholingana. Kazi za kuunganisha moja kwa moja anaziorodhesha kando na kuzipeleka kwa mkuu wake kwa maandishi, kwa kuwa hizo ni hatari ya maisha na haziishii kwenye daftari la karakana. Maneno ya siri ya vidhibiti vya kompyuta vya mashine yanaandikwa na kukabidhiwa kwa mkuu, kwa saini. Kuna mafundi wanaoyaficha makusudi ili wapigiwe simu na kulipwa kwa kila safari. Naiona tabia hiyo kuwa utekaji nyara wa mali ya mtu, na sioni jina la heshima la kuipa.

Wiki mbili zinazofuata anazunguka na anayebaki, na mikono inayoshika bisibisi ni ya yule mwingine. Aliyeoneshwa mara moja husahau; aliyezima, akafungua na kuwasha mwenyewe huku mkongwe amesimama nyuma yake, hubaki nayo. Kama mrithi hajapatikana, na mara nyingi hapatikani, hata msaidizi wa zamu anafaa. Asipatikane yeyote, daftari linatosha na saini ya mkuu inatosha. Fundi hana wajibu wa kuongeza siku kwa sababu kiwanda kimechelewa kuajiri.

Makufuli ya usalama yasisahaulike. Kanuni ya karakana yoyote inayojali watu ni kwamba anayefunga kufuli kwenye swichi kuu wakati wa matengenezo ndiye pekee anayelifungua. Fundi akiondoka na ufunguo mfukoni huku kufuli lenye jina lake limebaki kwenye paneli, zamu inayofuata itabaki kubuni kama kuna mtu ndani ya mashine au hakuna. Mwishowe watalikata kwa grinda, na wakishazoea kukata, kufuli halimlindi mtu tena.

Vifaa vinarudishwa stoo kwa orodha: multimita, seti ya spana, vifaa vya kujikinga, kitambulisho. Vile alivyonunua kwa fedha zake avitenganishe mapema mbele ya mtunza stoo, kabla ya siku ya mwisho, maana siku hiyo kila bisibisi huwa ya kampuni.

Tuingie kwenye fedha. Aliyejiuzulu hapati kiinua mgongo kile cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, kwa kuwa hicho hulipwa mwajiri anapositisha ajira. Anachodai ni mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua. Likizo ya mzunguko usiokamilika huhesabiwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 za kazi. Fundi wetu ana siku 130 tangu mzunguko wake mpya wa likizo ulipoanza, kwa hiyo anadai siku 10. Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa 650,000 kwa 4.333, kisha kwa siku 6 za wiki: takriban 25,000. Likizo yake ni 250,000.

Angekataa kufanya kazi ndani ya siku za taarifa, mwajiri ameruhusiwa kukata katika fedha ambazo fundi anamdai kiasi kile ambacho angelipwa kwa siku hizo. Siku 28 zina siku 24 za kazi, yaani 600,000. Laki mbili na nusu za likizo zinamezwa zote, na mshahara wa mwisho unaguswa. Hiyo ndiyo bei ya kuzima simu Jumatatu.

Cheti cha utumishi ni haki yake, na sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Barua ya kumsifu ni jambo jingine, hiyo huombwa. Kenya sheria inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kuitoa. Aiombe wiki ya mwisho, mkuu wa matengenezo akiwa bado na daftari mezani, na aombe itaje mashine alizozishughulikia kwa majina, maana "alikuwa mchapakazi" haimwambii mwajiri mpya chochote.

Ukiwa umefanya haya yote na fedha zako bado zimezuiwa, usikae ukisubiri huruma. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na dai la kuachishwa isivyo halali, hata kwa kulazimishwa kujiuzulu, ndani ya siku 30. Nenda na nakala yako yenye muhuri, orodha ya vifaa iliyosainiwa na daftari la makabidhiano.