Mwongozo Usioongoza

Katika idara za lugha tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Ni nadra kuhakiki mwongozo wa programu ya kompyuta, ilhali siku hizi mwalimu wa lugha huenda akasoma kurasa nyingi zaidi za miongozo hiyo kuliko za riwaya. Leo tumeamua kuutia mwongozo mizanini kwa sababu ulitugharimu.

Miaka kadhaa iliyopita tulirekodi mtihani wa mazungumzo wa wanafunzi wa mwaka wa pili kwa programu ya sauti isiyolipiwa. Tulipomaliza tulibofya "hifadhi", tukanakili faili iliyotokea kwenye flashi, tukaipeleka kwa mtahini mwenzetu. Ilipofunguliwa huko, kimya kitupu! Kumbe faili ile haikubeba sauti. Ilikuwa orodha tu ya kuonyesha vipande vya sauti vilipo, na vipande vyenyewe vilibaki katika folda nyingine kwenye kompyuta ya maabara. Tuliporudi maabara, folda ilikuwa imekwisha kufutwa ili kupisha kazi za darasa jingine. Wanafunzi 34 walirudia mtihani. Mmoja wao, aliyekuwa amejitahidi mno siku ya kwanza, alituuliza kwa nini kosa letu liwe adhabu yake. Hatukuwa na jibu.

Lililotuuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo. Mwongozo ulieleza bayana kuwa anayetaka sauti isikike kwenye kompyuta nyingine asiishie kuhifadhi, bali atumie amri tofauti ya kutoa faili ya sauti. Lakini mwongozo mzima ulipangwa kwa kufuata menyu za programu, moja baada ya nyingine, na onyo hilo liliwekwa chini ya amri ambayo hatukujua kuwa tunaihitaji. Ili ulipate jibu, ilikupasa kwanza uwe unalijua.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Mwongozo wa namna hii hauna kosa la ukweli, wala haukosi maelezo. Kosa lake ni mpangilio: unafuata umbo la programu, haufuati swali la msomaji.

Walimu wa Kiswahili tunaielewa tofauti hiyo vizuri. Mwanafunzi akikutana na neno "alipikiwa", Kamusi ya Kiswahili Sanifu haitamsaidia mpaka ajue kwamba sharti atafute kidahizo "pika". Kamusi haina hatia, kwani imetungwa kwa ajili ya mtu anayejua anachokitafuta. Lakini hakuna mwalimu anayempa mwanafunzi wa wiki ya kwanza kamusi na kumwambia, "Haya, jifunze Kiswahili." Watungaji wengi wa programu hufanya hivyo hasa.

Tatizo hili lina historia. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitolewa Novemba 1971. Kila amri ilipewa maelezo yake chini ya jina lake. Aliyetaka kunakili faili ilimbidi ajue kwanza kuwa amri hiyo inaitwa "cp". Kwa wataalamu wenzao mpangilio huo ulitosha. Tena ulikuwa na uungwana ambao miongozo mingi ya leo imeupoteza: sehemu maalumu ya kukiri kasoro za programu. Shida ilianza pale mpangilio wa wataalamu ulipogeuzwa kuwa mlango wa kila mtu.

Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa miongozo, ameyagawa maandishi haya katika aina nne: somo la kumwongoza anayeanza, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia jambo mahususi, na ufafanuzi wa kumsaidia mtu aelewe sababu. Mgawanyo huu tunaukubali. Mwongozo uliotuangusha ulikuwa na marejeo mazuri, lakini sisi tulihitaji maelekezo ya kazi moja: "Namna ya kumpelekea mwenzako sauti uliyorekodi."

Wapo watakaosema kuwa dawa ni tafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilistahili pongezi. Kwa wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda, Kinyankole au Kiacholi nyumbani, istilahi za Kiswahili kwenye menyu ni somo tosha. Hata hivyo, kuutafsiri mwongozo uliopangwa vibaya ni kumhamishia msomaji wa Kiswahili kero ileile.

Nasi tujikosoe. Vitini vyetu vingi vya ngeli huanza na A-WA na kuendelea hadi mwisho wa jedwali, huku mwanafunzi akitaka tu kujua aseme vipi "vitabu vyangu viwili vimepotea". Jedwali hilo ni menyu yetu. Tunaolijua tunaliona limepangika, asiyelijua anapotea ndani yake.

Tangu mkasa ule tumebandika maabara karatasi ya ukurasa mmoja. Vichwa vyake vyote ni maswali yaliyowahi kuulizwa na mtu, na onyo la kupoteza sauti liko juu kabisa. Kabla ya kuibandika tulimpa mwanafunzi ambaye hajawahi kurekodi, tukakaa kimya tukimtazama. Alikwama mara mbili, nasi tukairekebisha mara mbili.

Tunawashauri wenzetu walimu wafanye vivyo hivyo kwa kila kitini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi ujinga ni wa mwandishi aliyeandika kurasa mia bila kujiuliza msomaji atauliza nini.